Kiti Kitupu cha Mwezimbali

Alhamisi ilikuwa siku ya halua. Baada ya chai ya asubuhi Hafswa alifagia ua wa nyuma, akapanga kuni chini ya karai kubwa la shaba, kisha akakaa kupasua iliki na kuziacha zimwage harufu. Babake, Zaid, alikunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, akasema bismillahi, akautia mwiko mrefu katika maji ya sukari na wanga. Kuanzia hapo mkono wake haukuwa na ruhusa ya kusimama. Halua ina tabia za mtoto mchanga, haitaki kugeuziwa mgongo. Ukiacha kuikoroga, hata kwa muda wa kujikuna pua, hushika chini ikaungua, na harufu ya kuungua haiondoki hata uitie zafarani ya dunia nzima.

Ndiyo maana Zaid alikuwa akisimulia. Kazi ndefu yataka kitu cha kuubeba mkono. Wapo waimbao, wapo wanaovuta uradi. Yeye alisimulia habari za Mwezimbali.

Hapana mtoto wa mtaa ule wa Shela, Malindi, asiyeijua nchi hiyo. Mwezi wake hauzami, hujitenga mbali tu, kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini bado yuko mlangoni. Milango ya nyumba zake hukumbuka kila mkono uliowahi kuigonga. Samaki wake hulala mitini, na kukicha watu huyatikisa matawi taratibu ili wasiwaamshe kwa kishindo. Nyuki wake hawafanyi asali, hufanya mwanga, na watu huuchota kwa vijiko na kuupaka kutani. Nchi yenyewe imepasuliwa kati na Mto Kimya, mto usio na sauti hata uangukapo mawe kwa mawe. Na ukingoni mwa mto huo pana kiti kimoja cha miguu mitatu. Kila alfajiri mtu mmoja huteremka kukipangusa vumbi. Hakuna anayekikalia.

"Kiti cha nani, Baba?" Hafswa alianza kuuliza akiwa mdogo, na aliendelea kuuliza hata alipokuwa msichana mzima mwenye cheti cha ukutubi kutoka chuo kimoja cha Kilifi.

"Hilo ni swali la samli ya mwisho," Zaid hujibu.

Samli hutiwa kidogo kidogo, na ile ya mwisho hutiwa halua inapokaribia kuiva. Lakini samli ya mwisho ilipofika, wateja nao walikuwa wamefika, na kiti kikabaki na siri yake mpaka Alhamisi nyingine.

Hafswa hakuona vibaya kungoja. Alikuwa mtu wa haya. Wateja aliwahudumia akiitazama mikono yao, si nyuso zao. Maneno yake yote mazuri aliyaweka kwa ajili ya ua ule wa nyuma, ambako hapakuwa na mtu ila babake, moshi wa kuni, na nchi ambayo aliamini ilizaliwa siku aliyozaliwa yeye.

Alhamisi moja mteja alifika mapema. Alikuwa kijana anayeitwa Kambi, dereva wa pikapu katika mashamba ya chumvi ya Ngomeni, ametumwa kuchukua halua ya harusi. Aliambiwa angoje. Akaketi juu ya gunia la makaa, akasikiliza. Zaid alikuwa ukingoni mwa Mto Kimya, mtu wa zamu amekwisha kukipangusa kiti na sasa anapanda kurudi mjini.

"Samahani, mzee," Kambi akasema. "Mbona huyo wa ng'ambo humtaji?"

"Wa ng'ambo gani?"

"Yule binti. Si kiti ni chake? Yuko ng'ambo ya pili, anakiona, lakini hawezi kuvuka mpaka aitwe." Kambi alicheka kidogo, kama mtu aliyegundua kuwa amezungumza zaidi ya zamu yake. "Wanangu hawalali bila habari zake. Wanahadithiwa na Bi Shekha, kule kwetu Ngomeni."

Mwiko ukasimama.

Hafswa aliusikia ukimya kabla ya kuuelewa. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia ua ule bila mkwaruzo wa mwiko siku ya Alhamisi. Babake alikuwa amesimama wima, macho yake yamekwama kwenye moshi, na tone la jasho lilimtiririka mpaka kidevuni asilipanguse. Halafu harufu ikapanda, chungu na nzito.

"Baba, inashika."

Zaid alishtuka, akakoroga kwa nguvu, lakini wapi. Halua ilikuwa imekwisha kuungua. Kambi aliambiwa arudi kesho. Karai lilisuguliwa kwa mchanga mpaka jua likawa utosini, na Zaid hakusema neno ila moja.

"Hadithi imeisha," alisema. "Usiniulize tena habari za kiti."

Alhamisi iliyofuata alikoroga kimya. Na iliyofuata hiyo. Halua ilitoka na mabonge, mara laini mno, mara ngumu kama kifuu. Mzee Manilal, jirani Mhindi aliyewauzia sukari na viungo, alionja kipande, akakitafuna muda mrefu huku akiangalia dari.

"Zaid bhai," alisema, "zafarani yangu ni ile ile. Iliki yangu ni ile ile. Halua yako inalia, kwa nini?"

Zaid alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaenda kuchanja kuni ambazo zilikwisha kuchanjwa.

Usiku Hafswa alijaribu kwenda Mwezimbali peke yake. Alifumba macho, akatembea njia ya nyuki, akapita nyumba za milango inayokumbuka, lakini kila alipoufikia mto, ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na kiti hakionekani. Aliona kuwa akiikosa nchi ile amemkosa na babake, kwa kuwa yule mtu aliyezunguka nyumbani sasa, akijibu "naam" na "la" na "nimeshiba", hakumjua vizuri.

Akamwendea mamake, Lubna, aliyekuwa jikoni akikuna nazi.

"Mama, Bi Shekha ni nani?"

Lubna hakuinua kichwa. "Umechelewa kuuliza. Malindi nzima inajua isipokuwa wewe na yule paka."

"Basi niambie."

"Mimi niliolewa na babako, sikuolewa na nchi yake. Kamuulize mwenyewe."

"Baba hataki kusema."

"Sikusema babako." Lubna aligonga kifuu kwenye ukingo wa mbuzi, akajifuta mikono kwa leso. Alifungua kabati, akatoa kikapu kidogo cha halua, iliyosalia kutoka siku za halua nzuri. "Kambi anapita kesho na pikapu yake. Mpelekee huyo bibi. Mwambie Lubna anakusalimu. Na umtazame usoni, mwanangu. Mikono haisemi."

Ngomeni palikuwa na upepo wa chumvi na mwanga mweupe uliomfanya Hafswa akunje macho. Kambi alimwonyesha nyumba, akaenda zake kazini. Barazani aliketi mama mmoja mnene, mweupe wa nywele, amejitanda leso begani, anasuka ukili wa mkeka. Ukanda aliosuka ulijikunja miguuni pake mizingo kwa mizingo. Watoto walikuwa wamejazana mbele yake, wengine wamelalia matumbo.

Hafswa aliona haya kumkatiza. Akaketi nyuma ya watoto kama mmoja wao.

"Sasa," mama yule alikuwa akisema, vidole vyake vikipishana bila kuangaliwa, "watu wa upande wa Machweo hawana jua, lakini hawana shida. Jioni wenzao wa ng'ambo wakishaumaliza mchana, huutia vikapuni na kuuachia mto uwaletee. Unafika umepoa, una rangi ya maembe. Wanaushonea mapazia."

"Nani anaukoroga mto?" mtoto mmoja aliuliza, na ilikuwa wazi kwamba jibu alilijua.

"Mkorogaji. Yuko ukingo wa kule, na mwiko mrefu kama mlingoti. Mto ule una usingizi mzito. Akiacha kuukoroga, utalala, na ukilala utakuwa jiwe, na mchana hautavuka tena. Kwa hiyo hapumziki. Hata mkono ukimuuma. Na binti anamtazama kutoka huku."

Katika hadithi za babake hapakuwa na mkorogaji yeyote. Kulikuwa na kiti, na watu wa kukipangusa, na ng'ambo isiyosemwa. Na huku, yule ambaye kiti kilikuwa chake alimwona mwenye mwiko. Ilikuwa kama kukaa maisha yote katika chumba kimoja, na siku moja kumsikia mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta.

Watoto walipoitwa makwao, mama yule aliweka ukili chini.

"Na huyu mwanafunzi mrefu?"

"Shikamoo," Hafswa alisema. Akakumbuka, akainua macho. "Mimi Hafswa. Mama yangu Lubna anakusalimu."

Akamkabidhi kikapu. Bi Shekha alikifungua polepole, akamega, akaonja. Hakutafuna mara moja.

"Iliki nyingi," alisema hatimaye. "Hajaacha. Nilimkataza iliki nyingi tangu tunapikia vifuu."

Hafswa akaeleza yote, kwa sentensi zilizokatika na kuungwa: Kambi na swali lake, mwiko uliosimama, halua iliyoungua, na babake anayezunguka nyumbani kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

"Kwa hiyo amesikia kuwa bado nimekaa nikingoja," Bi Shekha alisema, si kwa Hafswa hasa. Akavuta ukili, akasuka kidogo, akauacha. "Mwezimbali tuliijenga sisi wawili, juu ya dari ya nyumba yao na yetu. Zilikuwa zimepakana. Yeye alichukua upande wa alfajiri kwa sababu aliogopa giza. Mimi nikachukua machweo. Tukakua. Ikawa ile nchi haitutoshi, tukataka na hii. Akaja kuniposa, wazee wakakubali."

Kuku alipita barazani, akaangalia, akaenda zake.

"Siku ya kuchambua mchele wa harusi alikuja mama mmoja wa Mambrui, Bi Rukiya, Mungu amrehemu. Alikuwa amehama zamani. Alikuja kusaidia, hajui hata ya nani. Akauliza, bibi harusi mtoto wa nani, bwana harusi mtoto wa nani. Akaambiwa. Akaweka ungo chini. Akasema, hawa wote wawili nimewanyonyesha mimi. Mamake Zaid aliugua, akapelekwa Mombasa. Mamangu mimi hakuwa na maziwa. Yeye alikuwa na mtoto wake na maziwa ya kutosha mtaa mzima. Si siku moja, si mbili. Tumenyonya ziwa moja, mwanangu. Na walionyonya ziwa moja ni ndugu. Hawaoani."

"Hakuna aliyejua?"

"Walijua, wakasahau. Zamani watoto walipokezanwa kama mwiko jikoni, nani angeandika? Mchele ukarudishwa guniani. Wazee wakatuita, wakasema, basi, huyu ni kaka yako, huyu ni dada yako, mambo yamekwisha." Bi Shekha alitabasamu. "Yamekwisha. Yeye hakuniita dada. Mimi sikumwita kaka. Nilijifunika uso, nikatoka. Mbele ya kaka mtu hajifuniki, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Lakini nilijifunika kama kwa mtu baki, asiye ndugu. Na tangu hapo kila nikimwona mjini nateremsha nikabu, na yeye anavuka upande wa pili wa barabara. Nimeolewa, nimezaa, nina wajukuu, sina nilichopungukiwa. Mume simhitaji, nilimpata na alikuwa mwema. Ila kaka nilipewa siku ile, na mpaka leo sijapata kumwona."

Hafswa alikuwa akilia bila sauti, na sehemu ya kilio hicho ilikuwa ya kitoto, aliijua mwenyewe.

"Nilidhani aliitunga kwa ajili yangu," alisema.

Bi Shekha alimsogelea, akampangusa kwa ncha ya leso. "Kuna nyuki huko wanaofanya mwanga? Nimesikia kwa Kambi juzi, nikashangaa. Sisi hatukuwa nao. Uliogopa giza ulipokuwa mdogo?"

Hafswa akatikisa kichwa kukubali.

"Basi hao ni wako."

Kisha Hafswa akauliza lile swali la samli ya mwisho. Kwa nini binti hawezi kuvuka tu, akakikalia kiti chake?

"Ni sheria ya Mto Kimya. Babako hakukwambia? Aliitunga yeye, akiwa hana hata meno ya mbele. Avukaye lazima aitwe, na aitwe kwa jina ambalo hajapata kuitwa na huyo amwitaye. Akiita jina la zamani, maji hayamsikii." Akaokota ukili wake. "Tuliona ni mchezo mzuri."

Jioni Hafswa alimkuta mamake akianua nguo. Alimweleza yote, naye Lubna alikuwa akikunja shuka kana kwamba anasikiliza bei za soko.

"Mama, hukuwahi kuona wivu?"

"Mwaka wa kwanza. Halafu nikaona huyu mtu halilii mke, analilia ndugu, na ndugu hana dawa dukani." Akampa Hafswa ncha mbili za shuka, wakavuta. "Wanawake wote wa mtaa huu wana mawifi wa kugombana nao. Mimi wifi yangu yuko Ngomeni, mzima, mwenye mdomo, na sijapata hata siku moja kuteta naye. Dhuluma iliyoje. Alhamisi namwalika. Kambi atamleta."

"Na Baba je?"

"Babako atakuwa anakoroga. Atakimbilia wapi?"

Alhamisi ikafika. Kuni zikawashwa, bismillahi ikasomwa, mwiko ukaanza safari yake. Hafswa alipasua iliki, akahesabu pumzi zake, akaona hazitoshi, akaanza hata hivyo.

"Upande wa Machweo hawana jua," alisema.

Zaid hakugeuka. Mwiko ulisita kidogo, ukaendelea.

Sauti ya Hafswa mwanzo ilikuwa ndogo, ya kuongea na mikono. Alisimulia mchana unaofika vikapuni umepoa, una rangi ya maembe. Alisimulia mapazia. Taratibu sauti ikapata miguu, na ua ukaanza kubadilika kama ulivyobadilika zamani. Moshi wa kuni ukatanda ukawa ukungu wa mto, na ndani ya karai la shaba maji mekundu yakazunguka bila sauti. Alisimulia Mkorogaji mwenye mwiko mrefu kama mlingoti, asiyepumzika hata mkono ukimuuma, ili mto usilale.

"Nani kakwambia habari za huyo?" Zaid aliuliza.

"Binti anamwona kutoka ng'ambo. Kila siku. Hana hasira, Baba. Ana wajukuu, anasuka ukili, anasema unatia iliki nyingi mno. Kuna kaka alipewa, na hajamwona. Hilo tu."

Zaid alikoroga. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka, na Hafswa hakujua kama ni kazi ama ni kingine. Halua ilikuwa imeanza kuachana na kingo za karai, inang'aa, inavuta kama kitambaa kizito. Ulikuwa wakati wa samli ya mwisho. Hafswa aliinua kopo, akamimina, na harufu ikajaa ua mzima.

Mlangoni kukapigwa hodi.

Lubna alitokea kwanza, amejitanda leso mpya, uso wake hausomeki. Nyuma yake alisimama mwanamke mnene katika buibui jeusi. Nikabu ilikuwa imeteremshwa. Yaliyoonekana yalikuwa macho tu.

"Assalaam aleikum," alisema kutoka kizingitini, na hakuingia.

"Waaleikum salaam," Zaid akajibu, kwa mazoea, kabla hajamwona. Kisha akamwona.

Mkono wake ulilegea. Hafswa alikuwa akilingoja hilo. Alipita mbele yake, akaushika mwiko chini ya mikono yake, akauchukua. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Aliusukuma, akauvuta, halua ikamfuata, na mkwaruzo haukukatika.

Zaid alibaki mikono mitupu, mara ya kwanza katika Alhamisi zote hizo. Alijifuta viganja kwenye shati. Alitazama chini, akaona kigoda kidogo alichokuwa akikalia Hafswa, chenye maganda ya iliki juu yake. Akainama, akakipangusa kwa kiganja, mara moja, mara ya pili, kwa uangalifu wa mtu anayepangusa kitu kisicho chake. Akakiweka kivulini karibu na mlango.

Midomo yake ilichezacheza. Mwanamke wa mlangoni hakumsaidia hata kwa neno moja. Lubna alikuwa amegeuka, anaangalia ukuta. Hafswa alikoroga.

"Fungua uso, dada," Zaid alisema. "Hapa hakuna mtu baki."